Amana Isiyokuwa na Ulimi: Kazi ya Kutunza Wanyama wa Wasafiri Londiani



Kila shule zinapofungwa, stendi ya Londiani hujaa mabegi na magunia ya viazi. Walimu, wanafunzi na watumishi wa chuo cha misitu kilichoanzishwa hapo mwaka 1957 huanza safari za kurudi makwao. Katika hao wote, mtu wa pwani ndiye mwenye safari ndefu. Kutoka Londiani hadi Mombasa, kwa kupitia Nakuru na Nairobi, ni karibu kilomita 700, na mtu hafungi safari kama hiyo kwa ajili ya siku mbili. Huondoka kwa wiki tatu au nne. Nyuma yake hubaki nyumba iliyofungwa, na uani hubaki wale wasioweza kupanda gari pamoja naye: paka, kuku, mbuzi, pengine na ng'ombe wa maziwa.

Londiani ni mji mdogo wa Kaunti ya Kericho, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Ukiteremka kuelekea mji wa Kericho utayaona mashamba ya chai yametanda. Huku juu ni baridi, misitu, viazi na ng'ombe. Mgeni akikaa mwaka mmoja hujikuta naye amekuwa mfugaji, maana nyasi zipo, maziwa yanahitajika, na watoto hawaachi kuomba paka. Tatizo huja siku ya safari. Nani atabaki na viumbe hawa?

Swali hilo limezaa kazi. Vijana wetu wengi walioajiriwa bara, na wengine wanaotafuta ajira, hutuuliza ni biashara gani inayoweza kuanzishwa kwa mtaji mdogo. Kutunza wanyama wa watu waliosafiri ni mojawapo. Haidai duka wala gari. Inadai kitu kimoja ambacho hakiuzwi sokoni, na tulikijua thamani yake kwa hasara yetu wenyewe katika miaka tuliyoishi Londiani. Tumeona tuisimulie hasara hiyo, huenda ikamfaa anayetaka kuianza kazi hii na anayetaka kuwakabidhi wengine wanyama wake.

Hukumu ya anayefunga mlango na kuondoka

Kabla ya biashara kuna wajibu. Sote tumefundishwa chuoni habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Mtume wetu (S.A.W.) ametueleza kwamba alimfungia, asimlishe wala asimwachie huru ajitafutie mwenyewe wadudu wa ardhini. Bukhari na Muslim wameipokea hadithi hiyo. Twaisoma mara nyingi kama onyo kwa watu wakatili, lakini hebu tuitazame upya. Hatukuambiwa kwamba alimpiga au kumchoma moto. Alimfungia na kumsahau. Hilo laweza kumtokea mtu mwema aliyeondoka alfajiri kuwahi gari, akaacha sahani moja ya chakula na kujisemea kwamba paka hashindwi na maisha.

Basi anayesafiri na kumwachia mtu mwaminifu wanyama wake hafanyi anasa ya Kizungu. Anajitoa katika dhima. Na anayewapokea anabeba dhima hiyo kwa niaba yake, mithili ya mtu aliyewekewa fedha. Tofauti ni kwamba fedha huhesabiwa mwenyewe arudipo. Mnyama hahesabiki kwa namna hiyo. Aliyelala na njaa siku tisa na akashibishwa siku ya kumi hana ulimi wa kumshitaki mtu.

Likizo mbili

Mwaka wa kwanza tulimkabidhi kazi kijana mmoja wa jirani. Tulikuwa na kuku kumi na mmoja, paka, na ng'ombe wa maziwa pamoja na mtamba wake. Kila tulipompigia simu kutoka Mombasa, jibu lilikuwa lile lile: "Wote wazima, mwalimu." Tuliporudi, tulihesabu kuku kumi na mmoja bandani, tukamshukuru na kumlipa ujira wake wote pamoja na zawadi ya tende.

Jioni hiyo binti yetu mdogo alitoka bandani akiwa amenuna. "Yule mtetea wangu wa kidole kilichokatika hayupo," akasema. "Huyu ni mwingine." Tulimwambia kuku hufanana. Akatuonyesha miguu ya mmoja baada ya mwingine. Kweli, sita hatukuwa tukiwafahamu.

Kijana alipoulizwa alikiri. Kideri kiliingia bandani, kikaua sita kwa siku chache, naye kwa hofu akaenda sokoni akanunua wengine wa rangi zile zile. Alitumia fedha zake mwenyewe, na mtu angeweza kusema kwamba hatukupoteza kitu. Lakini kideri husambaa upesi kutoka kuku hadi kuku. Lau tungejua, tungewatenga waliobaki, tungesafisha banda na kumwita daktari wa mifugo kwa ajili ya chanjo. Hatukujua. Baada ya siku chache wageni nao wakaanza kufa, na ugonjwa ukavuka ua hadi kwa majirani wawili. Uongo wa kuku sita uligharimu kuku wa nyumba tatu.

Mwaka wa pili tulikwenda kwa mzee mmoja wa Kikipsigis, mstaafu wa kazi za msitu, aliyekuwa akitunza ng'ombe wa walimu wawili watatu. Hakukubali mara moja. Alikuja na daftari la shule, akawatazama wanyama wote mbele yetu, akaandika hali ya kila mmoja, akauliza mtamba alinyunyiziwa dawa ya kupe lini mara ya mwisho. Tulikuwa katika pilika za kufunga mizigo. Tukajibu tu kwamba ni hivi karibuni. Akaandika: "Mwenyewe asema hivi karibuni."

Siku ya tano baada ya kuondoka kwetu simu ililia kabla ya sala ya Alfajiri. "Mwalimu, samahani kukuamsha. Mtamba hakula jana jioni, na ana uvimbe chini ya sikio. Nimemwita daktari. Ukinitumia fedha ya dawa, yuko njiani." Tulituma kwa M-Pesa palepale. Siku ya kumi mtamba alikufa. Alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Hatutaficha kwamba tulikasirika. Njiani kurudi tulijadiliana namna ya kumdai. Tulipofika, mzee alikuwa akitungoja langoni, amevua kofia. Alikuwa ameihifadhi ngozi pamoja na kile kipande cha sikio chenye alama, na risiti za daktari zikiwa ndani ya daftari. Akasema kwamba hana uwezo wa kulipa mtamba, lakini yuko tayari kutunza wanyama wetu mwaka mzima bila ya ujira.

Daktari ndiye aliyetufumbua macho. Mtamba aliuawa na ndigana kali, inayoletwa na yule kupe wa hudhurungi apendaye masikio. Kupe akishauma, mara nyingi hupita siku nane hadi kumi na mbili ndipo homa ionekane. Mtamba wetu aliugua siku ya tano. Maana yake ni kwamba alikuwa ameshaumwa na kupe sisi tukiwa bado nyumbani. Daftari lilionyesha kwamba mzee alinyunyizia dawa siku ya kwanza na siku ya nane bila ya kukosa. Aliyesahau alikuwa ni sisi. Neno letu la "hivi karibuni" lilikuwa mbele ya macho yetu, kwa mwandiko wake.

Tulimwomba radhi, tukamlipa, na tangu hapo hatukumpa mtu mwingine wanyama wetu. Tuliwaeleza na walimu wengine, nao wakamwendea. Yule aliyeturudishia kuku kumi na mmoja tulimkimbia. Aliyeturudishia ngozi tulimfuata. Huu ndio mtaji wa kazi hii. Mnyama hana ulimi, basi mtunzaji lazima awe ulimi wake, hata pale maneno yatakapomgeukia yeye mwenyewe au yatakapomgeukia mwenye mali.

Jambo walilolijua Wakipsigis

Mzee hakuuona ustadi wake kuwa ajabu. Wakipsigis wamekuwa tangu zamani na desturi ya kuwekeana ng'ombe, waiitayo kimanagan. Mwenye kundi huwagawa baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki aishiye mahali pengine. Rafiki hunywa maziwa kwa kazi ya kuchunga. Ng'ombe na ndama hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Kwa njia hiyo maradhi au wavamizi wakilifikia boma moja hawamalizi mali yote ya mtu, na asiye na ng'ombe hupata maziwa ya watoto wake. Urafiki wa namna hiyo haudumu ila kwa ukweli, kwa kuwa mwenye ng'ombe anaweza kukaa muda mrefu bila ya kuwaona.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio mkubwa zaidi. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu. Wengi wa wenye amana hizo walikuwa ni wale wale waliompinga. Amana haikutazama dini ya mwenyewe. Tulipojifunza uaminifu kwa jirani asiyekuwa wa dini yetu, tuliona haya kidogo, kisha tukashukuru.

Kuianza kazi

Kwa anayetaka kuifanya kazi hii Londiani au kwingineko, tumekusanya yale tuliyoyaona yakimfaa mzee wetu.

La kwanza ni makabidhiano. Mwenye mali na mtunzaji wawakague wanyama pamoja siku mbili tatu kabla ya safari, wala isiwe usiku wa kuamkia safari. Iandikwe idadi, alama za kila mnyama, tarehe ya chanjo, siku ya dawa ya kupe, chakula na kipimo chake, namba ya daktari, na kiasi cha fedha ambacho mtunzaji anaruhusiwa kutumia kwa tiba kabla ya kumpata mwenyewe kwa simu. Ugonjwa haungoji mtandao urudi.

La pili ni ujira. Sheria yetu yataka ujira ujulikane tangu mwanzo. Mwaka ule tulipatana shilingi 200 kwa siku pamoja na maziwa yote ya jioni. Baadaye shehe mmoja alituzindua kwamba maziwa hayo hayana kipimo: leo lita tano, kesho mbili, na ng'ombe akiugua hakuna kitu. Tukabadilisha. Ujira ukawa ni fedha kamili, na maziwa yakauzwa kwa hesabu ya mwenyewe, isipokuwa kiasi alichozawadiwa mtunzaji. Ugomvi wa vipimo ukaisha. Na mwenye mali asisahau kwamba tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Kumwambia mtu "nitakutumia mwisho wa mwezi" baada ya kula likizo kwa raha si uungwana.

La tatu ni elimu ya kila mnyama. Ng'ombe asiye na mimba hurudia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halipiti siku moja. Akionekana asubuhi, hupandishwa jioni. Akionekana jioni, hupandishwa asubuhi ya pili. Mtunzaji asiyeangalia humpotezea mwenye mali wiki tatu za maziwa ya kesho, na hapana atakayejua. Joto la mwili la ng'ombe likizidi digrii 39.5 ni dalili ya homa. Kwa hivyo kipimajoto kiwe katika mfuko wa mtunzaji. Londiani ni nchi ya viazi: viazi vizima huweza kumkaba ng'ombe kooni, na vilivyogeuka kijani vina sumu, basi asirushiwe mabaki ya shambani ovyo. Paka naye asidharauliwe. Akisusa chakula siku mbili tatu kwa huzuni ya kuachwa, ini lake laweza kudhurika, hasa akiwa mnene. Apelekwe kwa daktari. Asingojwe eti "atazoea".

La nne ni mbwa. Nyumba nyingi za bara zina mbwa wa ulinzi, na mteja atakuuliza kama utamtunza. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda, na tumehadithiwa pia juu ya aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kumlisha mnyama mwenye njaa ni jema. Lakini sisi wafuasi wa Imamu Shafi twajua kwamba mate yake ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Anayekubali kazi hiyo atenge vyombo, mabuti na koti la kazi ambalo haingii nalo msikitini. Asiyeweza kujilinda aseme mapema kwamba hapokei mbwa, na mwenye shaka juu ya ujira wake amuulize shehe wake. Jambo moja halina hiari: mbwa asiye na cheti cha chanjo ya kichaa asipokewe. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea kwa binadamu, ni nadra sana kupona.

La tano ni ufunguo. Aliyepewa ufunguo wa nyumba ili amlishe paka amepewa na siri za nyumba hiyo. Asiingie na rafiki, asifungue chumba asichoagizwa, asipige picha isipokuwa ya mnyama. Na mama wa nyumba akibaki peke yake, mtunzaji wa kiume amalize kazi yake uani.

Mipaka ya faida

Tusimdanganye kijana kwamba kazi hii itamtajirisha. Wateja wote husafiri wakati mmoja: Aprili, Agosti na Desemba. Miezi mingine simu huwa kimya. Ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku kwa saa zisizobadilika, na nyumba za Londiani zimetawanyika milimani. Mtu mmoja kwa miguu hawezi kuhudumia kwa uaminifu zaidi ya nyumba tatu au nne zenye ng'ombe. Mzee wetu aliwahi kukataa wateja watano katika Desemba moja. Badala ya kuongeza nyumba alimfundisha mpwa wake kwa mwaka mzima, akitembea naye daftari mkononi, ndipo akampa nyumba mbili za kwake. Miezi ya kimya waliuza nyasi kavu kwa wateja wale wale. Ndivyo biashara yake ilivyosimama: kwa kukataa kile asichoweza, na kwa kuwa na la kufanya simu zisipolia.

Yapo pia ya serikali. Ada na kibali cha biashara huulizwa katika ofisi ya kaunti. Kumhamisha ng'ombe kumpeleka mbali huhitaji kibali cha mifugo. Tiba iachiwe daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Na ukatili kwa mnyama, ikiwemo kumnyima chakula, ni kosa katika sheria za Kenya, Sura ya 360.

Mnyama akifa

Swali hili huulizwa sana, nasi tulilipeleka kwa shehe mwaka ule. Jibu alilotupa kwa muhtasari ni kwamba mwenye kuwekewa amana hadaiwi kilichoharibika mkononi mwake ila akizembea au akivuka mipaka aliyowekewa. Kumwacha ng'ombe bila ya maji ni uzembe. Kumpeleka malisho uliyokatazwa ni kuvuka mpaka. Maradhi yaliyomfika mnyama na mtunzaji akafanya kila lililo juu yake ni qadari ya Mwenyezi Mungu. Mtunzaji wa ujira ana maelezo yake katika vitabu, na inafaa pande mbili ziulize na kukubaliana kabla, wala zisingoje siku ya msiba. Shehe akaongeza neno moja, akitutazama sisi: "Na mwenye mali naye ana amana ya kusema kweli anapokabidhi."

Tuliondoka Londiani baada ya miaka kadhaa. Ng'ombe tuliuza, kuku tukawagawia majirani. Paka alikuwa amezeeka, safari ya kilomita 700 isingemfaa, na joto la Mombasa asingeliweza. Tulimkabidhi kwa mzee, safari hii kwa daima. Akatoa daftari, akaandika: paka mmoja, jike, wa rangi ya majivu, jicho la kushoto lina ukungu, anakula. Binti yetu akamwomba aongeze kwamba hulala juu ya magunia karibu na meko. Mzee akaandika na hilo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaochunga amana zao, za wenye ulimi na za wasio nao.

Wabillahi tawfiq.